Siku 58 na pikapu: raha, majuto, na kilomita ambazo hazikuwa kilomita

Baba Masika (Kasese)

Ndugu zangu, salamu kutoka huku chini ya mlima. Niliahidi kurudi kuwaeleza nikishapata gari. Nimelipata, na leo ni siku ya 58.

Kwa asiyejua kisa changu: nilikuwa na Premio, gari zuri lisilo na makuu, ila kila msimu wa kahawa nilikuwa nalitesa. Magunia kwenye viti vya nyuma, jingine kwenye buti, tumbo la gari linakwaruza mawe njia yote ya Kyarumba. Nikaliuza, nikaongeza akiba ya misimu miwili, nikaenda Kampala kuchukua pikapu ya dabo kabini. Dizeli, gia za mkono, 4x4. Kampuni siitaji. Hapa mtu akitamka tu Hilux au D-Max, uzi mzima unageuka uwanja wa Nakivubo siku ya dabi.

Nianze na raha, maana zipo. Kile kilima nilichokuwa nakipanda na Premio kwa sala, sasa nakipanda kwa gia ya pili huku natafuna karanga. Mvua ikinyesha sina haja ya kulala kwa shemeji kungoja barabara ikauke. Magunia kumi ya kahawa yanakaa nyuma na bado pana nafasi ya mkungu wa matoke na mbuzi. Na unakaa juu, bodaboda unaiona kabla haijakuona.

Sasa majuto. La kwanza ni la aibu, lakini nalisema lisije likamkuta mwingine. Pale bondini (yadi ya magari yaliyoingizwa kutoka nje) niliangalia dashibodi nikaona 112,400. Kijana aliyekuwa ananiuzia akasema, "Mzee, hii imetembea kidogo sana." Nikafurahi, nikalipa. Safari ya kurudi nikapita njia ya Masaka na Mbarara. Kuanzia Lukaya nikawa najishangaa: mshale uko 50, lakini nayapita mabasi. Nikajisemea, kumbe dizeli ina nguvu hivi! Nilipoingia Ishaka mjini trafiki akanisimamisha.

"Ssebo, umekuja na 79."

"Afande, nilikuwa 50 kamili, Mungu anaona."

Akainama, akachungulia ndani, akaangalia dashibodi, kisha akacheka mpaka mwenzake akaja kutazama. "Ssebo, hii ni maili." Gari langu limetoka Uingereza. Namba kubwa kwenye spidometa ni maili, za kilomita ni zile ndogo za ndani ambazo mimi nilidhani ni mapambo. Na ile 112,400 nayo ni maili! Nilipiga hesabu kwenye simu hapohapo kando ya barabara: karibu kilomita 181,000. Faini nililipa, ila iliyouma ni hiyo hesabu.

La pili: tupu, hili gari halikaliki. Likiwa na mzigo linatulia kama kitanda. Likiwa tupu, kwenye changarawe yenye mawimbi, nyuma inarukaruka kama ndama aliyefunguliwa asubuhi. Mama Masika alipanda mara mbili, mara ya tatu akasema anasubiri taksi. Juzi kwenye kona yenye tope karibu na Kisinga mkia ulihama wenyewe kuelekea mtaroni. Mbele nilikuwa nimekata kulia, nyuma ilikuwa na mipango yake.

La tatu ni watu. Premio haikuwahi kuitwa mazishini. Tangu pikapu ifike nimebeba viti vya harusi mbili, mahema, jeneza la mzee wa kijiji (hilo sijutii), kochi la jirani ambalo halikuingia mlangoni tukalirudisha, na kwaya nzima ya kanisa iliyopanda nyuma bila kuniuliza. Kwaya ndiyo iliyonitisha. Watu kumi na wanne wamesimama wanaimba, na mimi nashuka kilima nikiwaza kona moja tu mbaya. Ninasikia aibu kuandika kwamba niliendesha hivyohivyo mpaka chini.

Dogo kuliko yote: nyuma hakuna kifuniko. Pale Katunguru, kabla ya daraja, tulisimama kwenye foleni na nyani akapanda. Sikumwona. Niliona kwenye kioo ndizi zinaondoka.

Lakini kinachoninyima usingizi ni daftari. Tangu siku ya kwanza naandika kila siku gari limebeba nini. Katika siku 58, zenye mzigo wa maana ni 11. Siku 47 nimezunguka nyuma kukiwa kutupu, nanunua dizeli ya kubebea hewa. Kwa siku 11 ningeweza kukodi Elf (lori dogo) ya jirani, nikabaki na Premio yangu na pesa benki. Je, nimekosea? Semeni tu, nimeshalipa.

Probox Milele (Arua)

Probox. Nimemaliza.

Fundi wa Ndeeba (Kampala)

Mzee, hayo ya nyani tutayarudia. Nijibu kwanza: injini yako inatumia cheni au mkanda wa taimingi (ule unaoendesha valvu)? Na umebadilisha nini tangu ulinunue?

Baba Masika

Nimebadilisha oili na chujio zake. Taimingi ni mkanda, fundi wa hapa aliniambia. Alisema bado upo mbali, ubadilishwe ikifika 150,000.

Fundi wa Ndeeba

Naye alisoma 112,400 akadhani ni kilomita, kama wewe.

Fikiria vizuri. Kama ratiba ya injini yako ni kilomita 150,000 na gari limeshatembea 181,000, basi ama mkanda ulibadilishwa kule Uingereza, ama unaendesha juu ya mkanda uliopitiliza kilomita 31,000. Fungua boneti, tafuta kibandiko. Fundi wa kule akibadilisha mkanda mara nyingi anabandika karatasi yenye tarehe na maili. Usipokiona, chukulia kwamba haujabadilishwa.

Mkanda huo hautoi taarifa. Haulii, hautoi moshi. Siku unakatika, valvu zinabaki chini, pistoni inapanda inazigonga. Hapo hatuongelei mkanda tena, tunaongelea kichwa kizima cha injini. Kyarumba usipande tena mpaka ujue. Na ukibadilisha, badilisha pamoja na tenshona yake (kile kinachoukaza), usije ukafungua mara mbili kwa kubana pesa.

La pili kwa gari la Uingereza: lala chini, angalia chasisi. Baridi ikija wanamwaga chumvi barabarani kuyeyusha barafu, na chumvi hiyo inaingia kwenye vyuma miaka yote. Juu gari linang'aa, chini limeliwa. Angalia pale springi za nyuma zinaposhika chasisi, na juu ya tairi la spea ambako tope hukaa. Chukua bisibisi, gonga. Chuma kizima kinalia "tii", kilichooza kinalia kama boksi. Ukikuta chini pamepakwa rangi nyeusi mbichi kama lami, jiulize ni nani aliyelipia rangi hiyo na kwa nini.

Baba Masika

Nyeusi mbichi. Ndiyo. Mimi nilidhani ni ukarimu wa bondi.

Wakala Mpakani (Malaba)

Niingilie kidogo, maana kila wiki nasikia mtu anaapa kwamba pikapu yake "imetoka Japani moja kwa moja". Hilux haikuuzwa Japani kuanzia 2004 mpaka 2017. Iliporudi huko, ilikuwa inatengenezwa Thailand. Kwa hiyo ukiuziwa Hilux ya 2010 kwa hadithi ya babu wa Tokyo aliyekuwa anaendea kanisani, hadithi hiyo ina tundu. Za miaka hiyo zenye usukani wa kulia asili yake ni kwingine: Thailand yenyewe, Uingereza, Australia, Afrika Kusini. Si kwamba ni mbaya. Ujue tu inatoka wapi, maana kila nchi ina ugonjwa wake. Ya Uingereza umeshaambiwa.

Halafu kwa anayefikiria kuagiza mwenyewe: tangu sheria ya 2018, gari lililofikisha miaka 15 tangu litengenezwe haliingii Uganda. Mwaka unaohesabiwa ni wa kutengenezwa, siyo wa kusajiliwa huko lilikotoka, na hapo ndipo watu wanalia Mombasa. Na msipige hesabu ya kodi kama ya sokoni. Ushuru wa forodha asilimia 25 unakaa juu ya thamani ya gari pamoja na bima na nauli ya meli, kisha VAT ya asilimia 18 inapigwa juu ya jumla hiyo pamoja na ushuru. Yaani kwa kila shilingi 100 za thamani, ushuru 25, halafu VAT ya 125 ambayo ni 22 na nusu. Hapo bado kodi ya zuio, bado ushuru wa mazingira kwa gari kuukuu. Nimeona mtu ana pesa ya gari mkononi, ya kodi hana, gari linakaa linalipishwa maegesho.

Probox Milele (Arua)

Probox 1 ya mchana, 1 ya usiku, kwa pesa hiyohiyo. Nasema ukweli mnanichukia.

Mwalimu wa Bwera

Baba Masika, mimi ni jirani yako na nina pikapu mwaka wa saba sasa. Hilo la kurukaruka lina dawa, ila kwanza niambie unajaza upepo kiasi gani.

Baba Masika

45 zote nne. Kijana wa upepo alisema "mzee hii ni ya mizigo".

Mwalimu wa Bwera

Ndiyo maana. Zile springi za vyuma bapa za nyuma zimetengenezwa kubeba karibu tani. Usipoziwekea kitu hazijikunji, kila jiwe zinalipokea na kulirusha juu. Wewe ukaongeza na tairi ngumu kama jiwe. Fungua mlango wa dereva, angalia kwenye nguzo yake, kuna kibandiko chenye upepo wa gari tupu na wa gari lenye mzigo. Ni namba mbili tofauti, hasa kwa nyuma. Langu tupu naweka 30 nyuma, nikipakia napandisha. Nilinunua pampu ndogo ya kuchomeka kwenye kiberiti cha gari, inakaa chini ya kiti. Mke wangu hajawahi kuomba taksi.

Kuhusu mkia kuhama: ukiwa kwenye H2, magurudumu ya nyuma ndiyo yanayosukuma, na huko nyuma hakuna uzito. Kwenye tope au changarawe legevu weka H4 (magurudumu yote manne yasukume) kabla ya kona, siyo baada ya mkia kuondoka. Ukirudi kwenye lami kavu, toa.

Baba Masika

Mwalimu, hapo kwenye "toa" umenigusa. Wiki ya pili nilitoka Kyondo na tope, nikasahau H4 mpaka Kasese mjini. Kwenye kuingia maegesho usukani ukawa mzito, gari linajivuta kama limefungwa kamba. Nilidhani pampu ya usukani imekufa. Nikampa fundi pesa ya kuangalia pampu.

Mwalimu wa Bwera

Pampu haikuwa na kosa. Kwenye kona magurudumu ya mbele yanatembea njia ndefu kuliko ya nyuma. 4x4 ya aina yetu inafunga mbele na nyuma pamoja, hakuna kitu katikati cha kuachia ile tofauti. Kwenye tope tairi inateleza kidogo na mambo yanaisha. Kwenye lami hakuna pa kuteleza, kwa hiyo nguvu inajifunga ndani ya shafti na gia mpaka kitu kikatike. Ikikutokea tena, rudi nyuma mita chache umenyoosha usukani, itaachia. Fundi akurudishie pesa.

Baba Masika

Fundi ameoa juzi. Na viti vya harusi nilibeba mimi.

Kijana wa Mchanga (Mbarara)

Kwa nini hujaweka magunia mawili ya mchanga nyuma? Sisi wote ndivyo tunavyofanya. Linatulia papo hapo.

Fundi wa Ndeeba (Kampala)

Mchanga weka, lakini ufunge kwa kamba, tena usogeze karibu na kabini au juu ya ekseli, siyo mwishoni kwenye geti. Niliwahi kuchomoa gunia la mchanga ndani ya kabini baada ya mtu kufunga breki ghafla. Lilipita kwenye kioo cha nyuma. Dereva alipona, ila shingo yake haijarudi sawa. Mimi nasema shusha upepo kwanza kama Mwalimu alivyosema, mchanga uje baadaye ukiona bado.

Mama Kahawa (Mbale)

Kaka yangu wa Kasese, wanaume hapa wanaongea springi, mimi nataka kuongea kwaya.

Mimi ni mjane, nina pikapu ya singo kabini, nanunua kahawa huku milimani kwetu Bugisu. Mwaka wa kwanza nilikuwa dereva wa ukoo mzima. Mtu anakuja saa kumi na moja alfajiri, "Mama, ni mgonjwa." Unaamka, unafika, mgonjwa ni kabati. Sasa nimeweka sheria tatu na kijiji kizima kinazijua. Mgonjwa wa kweli na maiti, sidai kitu. Mzigo mwingine wowote, mafuta yanaingia kwenye tanki kabla sijawasha, na tunaenda kituoni pamoja, sipokei pesa mkononi kwa sababu pesa ya mkononi huwa pungufu. Na mtu hapandi nyuma. Hapandi! Hata padri. Akiniambia "ni karibu tu" namwambia basi ni karibu kwa miguu pia.

Walininunia miezi mitatu. Mwezi wa nne wakaanza kuniletea lita.

Na hilo daftari lako: unahesabu vibaya. Umeandika siku zenye mzigo. Andika na mzigo huo ulikuwa na thamani gani. Mimi kabla sijanunua pikapu, mnunuzi alikuwa anakuja na lori lake mpaka shambani, na bei anasema yeye, kwa sababu anajua sina namna ya kuishusha kahawa. Mvua imetanda, kahawa iko kwenye turubai, utakataa? Siku niliyoanza kuishusha mwenyewe, bei ilibadilika kabla sijafungua mdomo. Siku hizo 11 zako ulimuuzia nani?

Baba Masika

Mama Kahawa, umenifanya nirudi kwenye daftari usiku huu. Siku 7 kati ya 11 niliishusha mpaka Kasese mwenyewe na kuuza kwa mizani ya huko. Msimu uliopita niliuza palepale juu, kwa mizani ya mnunuzi. Tofauti ya bei kwa kilo ipo, siitaji hapa kwa sababu ndugu zangu wanasoma. Bado hailipi gari. Lakini si hewa.

Probox Milele (Arua)

Probox nayo ingeishusha.

Mama Kahawa (Mbale)

Wewe wa Arua njoo na Probox yako Bududa mwezi wa tano, tutakutengea mahali pa kuiacha.

Mkaguzi Mdogo (Fort Portal)

Naomba kuuliza, nami natafuta pikapu. Ya Uingereza nisiguse kabisa?

Fundi wa Ndeeba (Kampala)

Iguse, lakini ulale chini kwanza. Nenda na fundi wako, siyo fundi wa bondi. Ikiwa ni ya miaka ya karibuni uliza pia kama ina chujio la masizi kwenye bomba la moshi. Lile linajisafisha kwa kuunguza masizi, na linahitaji safari ndefu ya mwendo ili lipate joto. Mtu wa kwenda sokoni na kurudi, kilomita nne nne, linaziba, taa inawaka, gari linakosa nguvu. Wewe unayetoka Fort Portal kwenda Kampala litakuwa salama. Na dizeli nunua kituo kinachouza sana, siyo ya madumu. Maji kwenye dizeli yanaua nozeli, na nozeli za injini hizi za sasa bei yake utaitaja kwa kunong'ona.

Baba Masika

Nawarudia baada ya siku tisa.

Kibandiko hakikuwepo. Nimebadilisha mkanda, tenshona, na pampu ya maji kwa sababu ilikuwa inavuja kidogo. Vipuri nilitumiwa kutoka Kisekka (soko la vipuri Kampala) kwa basi, vikafika asubuhi. Fundi aliponionyesha mkanda wa zamani nilinyamaza. Una nyufa upande wote wa ndani, meno mawili yameanza kuinuka. Nimeutundika gereji ukutani, kila nikiingia nauona.

Chini tulikwangua ile lami. Chasisi ina kutu ya juujuu, isipokuwa sehemu moja nyuma kushoto ambapo bisibisi ilizama kidogo. Imechomelewa bamba, ikapakwa. Fundi wa Ndeeba, picha nilizokutumia, asante kwa kunitoa hofu. Wasingya, yaani asante kwa Kikonzo.

Upepo nyuma ni 30 sasa. Mama Masika amepanda mpaka Bwera na kurudi, hakusema kitu, na yeye asiposema kitu ndiyo sifa. Kwenye spidometa nimebandika kipande cha plasta juu ya namba za maili, nimeandika kilomita kwa kalamu. Inaonekana vibaya sana.

Kwaya wamekuja jana, wanasema wana tamasha Kagando. Nikawaambia viti vinne vya ndani, wengine nauli. Kiongozi wao akaangalia nyuma, akaangalia mimi, akasema, "Kumbe umeshakuwa tajiri." Jumamosi napanda Kyarumba, magunia nane. Mwalimu, kama bado unataka kupanda nami, kiti cha mbele ni chako. Nyuma atakuwepo mbuzi, na safari hii kuna turubai.

Mwalimu wa Bwera

Nakuja. Pampu ya upepo nitabeba yangu.